Kinda la bundi stoo kwangu Kibaigwa

Kulea kinda la bundi, kwa sehemu kubwa, ni kutafuta panya. Watu wakiniuliza huanza na macho yake, na sauti yake, na kama kweli hugeuza kichwa mpaka kikatazama mgongoni. Nawajibu yote. Lakini ukinibana niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, nitakwambia panya. Panya wa leo, panya wa kesho, panya wa Jumapili wakati kijana wangu wa stoo yuko kanisani, na juu ya yote, panya ambaye una hakika hajaonja sumu.

Nafanya biashara ya mahindi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Aliyewahi kupita barabara ya Morogoro kwenda Dodoma anapajua: malori, magunia, mizani, vumbi. Stoo yangu ni ya siku nyingi, na mwaka ule niliamua kubadilisha bati kabla mzigo mpya haujaanza kuingia. Fundi alipofungua upande wa nyuma akakuta makinda watatu juu ya mtambaapanya, kwenye kona, wamekalia tandiko jeusi la manyoya na vijifupa. Wasaidizi wake walishuka ngazi bila kuagana. Mmoja aliacha nyundo huko huko juu, akakataa katakata kuifuata. Katika zile purukushani ubao uliteleza, makinda wawili wakaanguka nao wakafa. Wa tatu alibaki amejibana ukutani, anafoka kama tairi lililotobolewa.

"Mama, huyu tumchome mapema," fundi akasema, tena kwa upole, kama mtu anayenitakia mema.

Simlaumu. Mimi nimekulia nyumba ambayo bundi akilia usiku mama anatupa chumvi motoni, na asubuhi tunahesabiana kama wote tumeamka. Ila nilikuwa na siri yangu. Bundi wa stoo ile nilimjua kwa miaka. Nilikuwa nikimwona magharibi akitoka chini ya paa, mweupe tumboni, haachi sauti hata ya ubawa, na sikumwambia mtu, maana ningemwambia nani? Nilichokuwa nacho ni hesabu ya magunia yaliyotobolewa, na stoo yangu ilikuwa na matundu machache kuliko za jirani zangu. Nikamwambia fundi ashuke, mimi nitashughulika.

Jambo la kwanza la kufanya na kinda la ndege yeyote ni kujaribu kumrudisha kwa wazazi wake. Ile habari kwamba ukimshika tu mama yake atamkataa kwa harufu ya mkono wako si kweli. Ndege hawamkatai mtoto kwa sababu hiyo. Kiota chake hakikuwepo tena, basi nikatafuta boksi la mbao, nikatoboa upande mmoja, nikalipandisha chini ya ukingo wa paa la stoo ya pili, kinda ndani, tukakaa mbali kungoja. Mzazi akimsikia mwanawe anaomba chakula humfuata hata sehemu mpya, mradi ni karibu. Tulijaribu tena na tena. Wazazi hawakuonekana. Mafundi walishinda pale mchana kutwa wanagonga, na usiku kulikuwa na taa ya mlinzi.

Nikaenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Wengi hufanya makosa hapa, wanadhani ndege aliyeangukia kwako ni wako. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, hata kama unamtendea wema. Yule afisa alinisikiliza, akacheka kidogo kwamba ni mara ya kwanza mtu kumletea habari ya bundi aliye hai, kisha akaniruhusu nimtunze kwa muda, nisimpe mtu yeyote, na nimwachie akishaweza kuruka na kuwinda.

Bwana mifugo alimwangalia akakadiria ana kama wiki tatu. Macho yalikuwa yamefunguka, mwili umejaa manyoya mazito ya rangi ya maziwa, na uso ulianza kujichora ule umbo la kopa wanaoujua waliowahi kumwona bundi wa aina hii. Kwenye mzani wangu mdogo wa kupimia sampuli alisoma gramu 200 na kidogo. Aliniambia kaka zake wale wawili, ambao mmoja alikuwa mkubwa zaidi na mwingine mdogo, hawakutofautiana kwa bahati. Bundi huyu hutaga yai moja, hukaa siku mbili au tatu akataga jingine, na huanza kulalia tangu lile la kwanza. Kwa hiyo wanaanguliwa kwa zamu, kila yai likichukua kama siku 30. Chakula kikiwa tele wote wanakua. Kikipungua, mdogo ndiye anayekufa, na wakubwa humla.

Usiku wa kwanza ushauri ulinijia wa kila namna. Uji mwepesi. Maziwa. Mkate uliolowekwa. Dagaa, kwa sababu "na yeye si anakula nyama?" Jirani mmoja aliniletea bomba la sindano nimnyweshe maji. Vyote hivyo ni njia za kumuua. Tumbo la bundi halijui nafaka wala maziwa, na maji ya kumiminia mdomoni huingia kwenye njia ya hewa; ndege mdogo hahitaji hata tone, anapata maji yake katika nyama. Kabla ya chakula chochote anahitaji joto. Kinda mwenye baridi ukimlisha, chakula kinaozea tumboni. Juni kwetu usiku ni baridi ya kweli, nikamwekea chupa ya maji moto iliyoviringishwa kwenye kanga kuukuu, pembeni, aweze kusogea akiona joto limezidi. Jiko la mkaa sikulikaribisha, maana moshi wake ungemmaliza kabla ya baridi.

Jioni ile nilimpa vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Usiku mmoja au miwili nyama tupu inamvusha, si zaidi ya hapo. Bwana mifugo alinionya mapema: nyama bila mfupa haina chokaa, na bundi anayelelewa kwa steki miguu inapinda na mifupa inavunjika kwa kujigeuza tu kwenye boksi. Anatakiwa panya mzima, na mfupa wake, na ini lake, na manyoya yake.

Kulisha kwenyewe kuna namna. Bundi haoni vizuri kitu kilicho karibu na mdomo. Macho makubwa yale ni ya mbali. Nilikuwa nikimwonyesha kipande mbele kabisa ya uso, naye anatazama ukuta. Pembeni mwa mdomo ana vinyweleo vigumu, na hivyo ndivyo vinavyomwambia kuna chakula. Ukigusa pale na kipande kilichoshikwa kwa kibano, hugeuka ghafla, hufumba macho, humeza. Baada ya kujua hilo, kazi iliyokuwa ikichukua saa nzima ikawa ya dakika chache. Sauti yake ya kuomba ni mkoromo mrefu, usioisha, na unaanza jua linapozama. Mkwe wangu alilala chumba cha jirani siku moja, asubuhi akaniuliza kwa heshima zote ni nani mgonjwa.

Baada ya siku kadhaa za panya akanitisha. Alikataa kula, akasimama wima, akanyosha shingo, akafumba macho na kufunua mdomo kama anayekata roho. Nikaita watu. Kikatoka kitu cheusi, kinang'aa, ukubwa wa kidole gumba, kikadondoka kwenye gazeti, na yeye akajikung'uta na kuanza kukoroma tena akidai chakula. Nililiacha lile donge likauka kidogo, nikalifungua kwenye sahani yenye maji kwa sindano ya kushonea. Ndani kulikuwa na manyoya yaliyosokotana, na katikati yake fuvu zima la panya, dogo, jeupe, safi, meno ya mbele ya rangi ya chungwa yakiwa mahali pake. Mbavu nyembamba kuliko uzi. Asichoweza kuyeyusha hukicheua hivyo, na kama hapati manyoya na mifupa hana cha kukunjia donge. Tangu siku ile sikumlisha tena kabla hajacheua, na madonge ndiyo yakawa taarifa yangu ya afya yake.

Sasa panya. Kinda wa umri ule anakula panya shamba watatu au wanne kwa usiku, na akifika wiki ya tano au ya sita hufikia uzito unaozidi wa mzazi, kisha hupungua kabla ya kuruka. Ukiwaza kwamba kiota cha kawaida kina makinda wanne au zaidi, na wazazi nao wanakula, utaelewa kwa nini magunia yangu yalikuwa na matundu machache. Kwa bahati Kibaigwa baada ya mavuno haina njaa ya panya. Tulitega mitego ya kubana chini ya machaga, chambo kikiwa karanga iliyokaangwa, na ndoo yenye maji nusu na kifimbo kinachozunguka juu yake. Asubuhi kijana wangu anakusanya kwa glavu. Glavu hizo nilizisisitiza. Tangu ile homa ya mgunda ilipotangazwa Lindi mwaka 2022, hakuna asiyejua kwamba mkojo wa panya si wa kuchezea.

Habari ikaenea, na watoto wa mtaa wakaanza kuniletea panya mkononi, wameshikwa mkia, wanataka shilingi mia mia. Ningeweza kuwalipa na kupumzika. Lakini nilijua panya wanaokamatwa na mtoto mchana ni wa namna gani. Panya mzima wa afya humkamati kwa mkono. Yule anayetembea jua kali, anayumba, haoni mbele, ni aliyekula sumu, na sumu hizi za kuzuia damu kuganda haziui papo hapo. Anakula leo, anadhoofika siku tatu, nne, ndipo anakufa, na katika siku hizo ndiye rahisi kuliko wote kwa paka, kwa mbwa na kwa bundi. Ndege akila kadhaa wa namna hiyo anavuja damu ndani kwa ndani. Huenda hata wazazi wa kinda wangu hawakurudi kwa sababu hiyo, siwezi kuapa. Ila nilijua stoo mbili za karibu zilikuwa zimemwaga chembe za kijani kila kona.

Unamsikia kila siku yule muuzaji wa kipaza sauti, sumu ya panya, sumu ya mende, sumu ya kunguni, buku buku. Pakiti nyingi hazina hata jina la dawa iliyomo. Kwa hiyo nikaweka sharti: panya ni wa stoo yangu tu, ambamo nilikuwa nimeacha kutumia sumu, na ni wa kubanwa na mtego au kuzama ndooni. Tena kila mmoja nilimpasua tumbo. Nikiona rangi ya kijani, ya buluu au ya waridi kwenye utumbo, au damu iliyotapakaa mahali pasipostahili, anachimbiwa shimo. Walikuwepo waliotupwa, maana panya hana mpaka, anakula kwa jirani analala kwangu. Njiwa tulionunua sokoni siku ya shida nilimpa kifua na miguu tu, kichwa na koo nikatupa, kwa sababu njiwa hubeba ugonjwa wa koo unaomziba bundi mdomo kwa utando. Vifaranga waliokufa banda la jirani sikuwagusa. Hujui kama ni kideri au ni dawa waliyopewa.

Wa ziada walikaa kwenye friza, ndani ya ndoo yenye mfuniko iliyoandikwa kwa kalamu ya wino "SI NYAMA". Haikumzuia wifi yangu kuifungua akitafuta samaki. Mpaka leo akija kwangu anakula maharage.

Watu walitaka kumshika. Ni mzuri, hilo nalikubali, na kinda akizoea mkono anasinzia kifuani. Lakini bundi anayelelewa na binadamu akiwa peke yake huchukua binadamu kuwa ndiye mwenzake. Akikomaa hamtaki bundi, anamtaka mtu, na usiku anatua begani mwa mlevi asiye na habari, katika nchi ambayo bundi begani ni kesi ya uchawi. Wangu alikuwa amekaa na ndugu zake wiki za mwanzo, hiyo ilisaidia. Mengine nikayafanya mimi: nilimlisha magharibi tu, bila kusema neno, nimejifunika kitenge kichwani mpaka usoni, na watoto marufuku. Wajukuu wangu walilalamika kwamba bibi anafuga ndege halafu hawamwoni. Ndivyo nilivyotaka.

Siwezi kusema mtaa ulinyamaza. Kuna nyumba ilikuwa na mgonjwa, na wazee watatu wakaja na mwenyekiti wa kitongoji. Tulisalimiana vizuri, wakanywa chai, wakazunguka kidogo, kisha mzee mmoja akasema, "Mama, yule ndege wako anaita." Sikubishana naye habari za mizimu, nisingeshinda, na wala sikuwa na haki ya kumdharau mtu mwenye mgonjwa ndani. Nikawaonyesha barua ya afisa, na boksi la madonge yaliyokauka. Mwenyekiti naye anauza mahindi. Alilivunja donge moja kwa vidole, akatoa fuvu, la pili, la tatu, akauliza, "Hawa wote usiku mmoja?" Waliondoka hawajaridhika sana, lakini hakuna aliyenirushia jiwe.

Aliyenitia hofu zaidi alikuja na gari jioni, mtu wa mbali, nadhifu, anauliza kwa sauti ya chini kama "kile kitu" bado kipo. Akataja bei iliyozidi ya gunia kadhaa za mahindi. Nikamwambia pole baba, kimekufa jana, tumekifukia. Akataka kuonyeshwa kaburi. Nikamwonyesha shimo la panya wenye sumu.

Wiki ya nane hivi manyoya ya utoto yalikuwa yamebaki kichwani na miguuni tu. Nilikuwa nimemhamishia kwenye chumba kitupu nyuma ya stoo, tumefunga fito mbili kwa urefu tofauti. Alianza kwa kupiga mbawa amesimama, vumbi lote la pumba linainuka, kisha akaanza kuruka fito hadi fito na kukosa, na kutua sakafuni kwa aibu. Niliweka karai kubwa lililojaa maganda makavu ya mahindi, nikaachia humo panya mdogo aliye hai. Taa nikazima. Kwenye mwanya wa mlango, mwanga wa nje ukiwa kidogo sana, nilimwona akiinamisha kichwa kushoto, kulia, akikizungusha taratibu kana kwamba anachora duara. Masikio ya bundi huyu hayako sawa, moja liko juu ya jingine, na kwa tofauti hiyo anajua kitu kiko wapi bila kukiona. Maganda yakachakacha. Akaruka, akakamata ganda. Panya akapanda ukingo wa karai akatokomea kwenye tundu la mlango, akarudi stoo kuendelea na mahindi yangu. Ilichukua majaribio mengi kabla hajashika panya badala ya ganda.

Boksi lake nilikuwa nimeshalipandisha kwenye kenchi za paa jipya, na fundi yule yule, sijui kwa shukrani au kwa woga, aliacha tundu kwenye ubao wa ukingo bila kunitoza. Nikamhamishia humo, nikamlisha siku kadhaa tundu likiwa limefungwa, kisha nikalifungua jioni moja tulivu isiyo na upepo. Kumwachia ndege hakumaanishi kumsahau. Kila magharibi niliendelea kuweka panya kwenye kibao kilichopigiliwa juu ya nguzo, na nguzo nikaizungushia kipande cha bati ili paka asipande. Kwanza alikuwa akila wote. Baadaye akaanza kuacha mmoja, wawili, siku nyingine haji kabisa, halafu anakuja. Chini ya ukingo nikawa naokota madonge yenye vifuvu ambavyo si vya panya niliompa: vya kirukanjia, vyenye pua ndefu na meno meupe yenye ncha kali. Hapo nikajua anajitafutia, nikapunguza mpaka nikaacha.

Siku hizi wafanyabiashara wenzangu wananiuliza ni nani aliyenitengenezea lile boksi. Nawapa vipimo: upana na kina sentimita 40 kwa 40, urefu wa pembeni kama 60, tundu liwe juu upande mmoja ili makinda wasidondoke, lipandishwe mbali na taa ya mlinzi. Mmoja alikuja na fundi wake kabisa, mbao zimeshakatwa. Nikamuuliza habari ya zile chembe za kijani stoo kwake. Akasema hizo haziachi, atatumia vyote viwili, bundi usiku na sumu mchana. Nikamwambia basi mbao atengenezee banda la kuku. Amekasirika, hajanisalimia tangu Ramadhani, lakini boksi hajalipandisha.